Midomo ya Mama Kwenye Skrini

Kila Jumamosi jioni, vyombo vikishaoshwa, Bibi alifuta miwani yake kwa pindo la gauni, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya mezani na kukaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Masikio yake yaliacha kusikia zamani kwa sababu ya ugonjwa, lakini macho yake yalisoma midomo ya watu bila kukosea. Ndiyo maana katika nyumba ile hakuna aliyezungumza na Bibi huku amempa kisogo, wala akiwa na chakula mdomoni.

Mama alikuwa muuguzi katika mji wa mbali. Kila wiki alijirekodi video, uso karibu na kamera, taa mbele yake, akizungumza polepole ili mama yake amsome. Kazi ya kuifungua ilikuwa ya mjukuu, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye Bibi alimwita Kiherehere kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia. Aliifungua, kisha akaikuza ijae skrini nzima. Bila hivyo, midomo ya Mama ilikuwa midogo mno kwa macho ya Bibi.

Jumamosi ile Mama alianza vizuri, akamwamkia Bibi. Kisha picha ikaanza kukwama. Mdomo ulifunguka, ukaganda, ukaruka maneno mawili matatu na kuibukia mbele. Sauti haikukatika, kwa hiyo Kiherehere alisikia kila kitu: mzee mmoja wa wodini, ambaye Mama alimpenda sana, alikuwa amefariki. Bibi, aliyesoma maneno nusunusu, akacheka na kujipiga paja.

Kiherehere akamgusa Bibi bega. Bibi akamgeukia. "Bibi, anasema yule mzee wake amefariki."

Kicheko kikamkauka Bibi. "Basi ni macho," alisema taratibu. "Masikio yalitangulia, sasa ni zamu ya haya."

Kiherehere alijua kwamba si macho. Katikati ya wiki rafiki yake alikuja kucheza, na Kiherehere, kwa kutaka sifa, akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuwasha madoido. Madirisha ya kompyuta yakawa yanayumba kila yakivutwa, na rafiki akabaki mdomo wazi. Alibofya huku, akatoa tiki kule, ilimradi tu. Mjomba alikuwa amempiga marufuku kugusa mipangilio. Usiku wa Jumamosi ile aliyazima kimyakimya madoido yale ya kuyumba, lakini video ikaendelea kuruka, na zile tiki alizozitoa hakuzikumbuka hata moja.

Kesho yake Mjomba, aliyeambiwa tu kwamba video inaruka, alifika na mkoba wake. Yeye ni fundi wa kompyuta, na ndiye aliyeiwekea mashine ile mfumo mwepesi wa Linux kwa kuwa ilikuwa imezeeka.

"Kuna mtu aliyebadilisha chochote hapa?" aliuliza.

"Hapana," alijibu Kiherehere.

Bibi alikuwa akiwatazama wote wawili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mjomba alicheza video katika dirisha dogo, ikaenda vizuri. Akaikuza, ikaruka. Akajaribu video nyingine, kisha programu nyingine ya kuchezea, mambo yakawa yale yale. "Kosa si la video wala la programu," alisema akikuna kichwa, kisha akamgeukia Bibi, mama yake. "Huenda kadi ya picha imechoka. Mama, itabidi niichukue hii nikaifungue karakana."

"Iache, mwanangu," Bibi alisema. "Kompyuta haina kosa. Macho yangu yameanza kuruka. Mwambie dada yako asijisumbue tena kujirekodi. Apige simu azungumze na nyinyi, mtanisimulia."

Alisema bila kulalamika, na hapo ndipo Kiherehere aliposhindwa kuvumilia. Alipiga magoti mbele ya kiti ili Bibi amwone vizuri. "Bibi, si macho yako. Ni mimi. Niliwasha madoido, nikatoa tiki ovyo. Halafu nikamdanganya Mjomba."

Machozi yakamtoka. Mjomba hakufoka. Alirudi kwenye mipangilio, akateremka na kipanya hadi kwenye mstari mmoja: *zima madoido dirisha likijaa skrini*. Kisanduku chake kilikuwa kitupu.

"Hiki hapa," alisema. "Niliweka tiki hii mimi mwenyewe. Mashine hii ni mzee. Ukiiambia icheze video kubwa na papo hapo ishughulike na kupamba madirisha kwa madoido yake ya kawaida, inahemewa. Weka tiki wewe uliyeitoa."

Kiherehere akaiweka. Akafungua video, akaikuza. Mdomo wa Mama ukatiririka bila kukwama hata mara moja. Bibi alisogea mbele, na Mama alipofika kwenye habari ya yule mzee wa wodini, Bibi aliweka kiganja kwenye skrini, juu ya shavu la mwanawe. "Pole, mwanangu," alisema.

Mjomba alisubiri video iishe. "Sina ugomvi na kubofya, mpwa wangu. Hata mimi ufundi niliuanzia hapo hapo. Lakini fundi anategemea majibu ya watu kama anavyotegemea bisibisi. Uliponiambia hapana, ulinifanya nitafute ugonjwa mahali ambapo haupo. Ukiharibu, sema. Kitu kilichosemwa kinatengenezeka."

Bibi alimvuta mjukuu wake, akamfuta machozi kwa pindo lile lile la gauni.

"Unajua ni nini kilichonihakikishia kwamba macho yangu yamekwisha?" aliuliza. "Mjomba wako alipokuuliza, nilikutazama. Ukasema hapana huku uso wako ukisema ndiyo, nikadhani midomo yako nayo inaruka, kama ya mama yako kwenye skrini. Nikajiambia, basi tena, hata huyu wa karibu simsomi." Akamshika kidevu. "Usinifanyie hivyo tena. Mimi sina njia nyingine ya kukusikia."

"Sitarudia, Bibi," alisema Kiherehere, polepole, uso wake ukiwa kwenye mwanga. Safari hii Bibi alilisoma kila neno.