Sakafu Iliyonyweshwa Maji Siku Saba

Karibu na Igalula, mwaka 1952, Tobias na mkewe Nyamizi walilima mahindi na karanga. Kila asubuhi Nyamizi alikwenda kisimani. Tobias alikwenda shambani. Mchwa nao walikwenda ghalani.

Mchwa wa huku hawana adabu. Basi Tobias akanunua simenti mjini Tabora ili atengeneze sakafu ya ghala. Hakuwahi kushika simenti, lakini sakafu za udongo alizijua vizuri: unalowesha, unapigapiga, unaliachia jua likaushe. Akafanya vivyo hivyo. Alimwaga zege saa sita mchana, mwezi wa Agosti. Lilipomshinda kusawazisha, akaongeza maji mpaka likawa uji. Tena alichelewa kuezeka paa makusudi, ili jua lifanye kazi.

Jua likafanya kazi. Sakafu ilipasuka, na kila ilipofagiwa ilitoa vumbi. Tobias akaezeka hivyo hivyo, akapanga magunia kumi na mawili ya mahindi. Kufika mwisho wa Septemba mchwa walikuwa wamepanda kwenye nyufa na kumaliza matano. Saba yaliyobaki ndiyo yalikuwa chakula cha watoto wanne mpaka mavuno. Nyamizi alilia, wala hakuona haya.

Wakamwita Nikolaus, fundi mzee aliyewahi kujenga kwenye stesheni za reli. Akakwaruza sakafu kwa ukucha, ikachubuka.

"Uliikausha," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nilitaka ikauke upesi."

"Udongo hukauka. Simenti hushikana, na hushikana kwa maji. Jua na upepo vikiyanywa maji mapema, unabaki na mchanga na nyufa."

Ilibaki mifuko mitatu tu ya simenti. Wakikosea tena, basi. Nikolaus akawaeleza taratibu. Wavunje sakafu ile, waishindilie chini iwe kifusi, wailoweshe. Mchanga na kokoto vikae kivulini. Wamwage alfajiri, na wasiongeze maji ili kulainisha. Wasinyunyize simenti kavu juu, maana itabanduka. Madirisha wayazibe kwa mikeka, upepo usiingie. Kisha wafunike sakafu kwa magunia matupu, na magunia yasikauke hata kidogo kwa siku saba.

Nyamizi akauliza maji hayo yatatoka wapi. Kisima kilikuwa kimeshuka, na foleni ilikuwa ndefu.

"Baba Flavia, mimi maji ya sakafu sichoti. Ya kupikia yananitosha," akamwambia mumewe.

Pale kijijini mwanamume hakuchota maji. Lakini Tobias aliyafikiria magunia saba, akafunga madebe mawili kwenye baiskeli. Wanawake kisimani walicheka. Jirani yao Silasi akamuuliza ameolewa na nani. Tobias alikasirika sana, ila alirudi kisimani mara nne kila siku, siku zote saba.

Sakafu ikawa ngumu, haina ufa. Mchwa walifika ukutani wakageuka.

Februari, nyumba nyingi zilikuwa zinakula mara moja kwa siku. Watoto wa Nyamizi walikula asubuhi na jioni. Silasi akaja na kapu tupu, kuazima mahindi, huku macho yake yakitazama chini. Nyamizi akamjazia.

"Shemeji," akamuuliza, "mwaka huu nawe utachota maji ya sakafu?"

"Nitachota," akasema Silasi.