Nguo za Harusi Ukutani

"Uko wapi, mume wangu?"

"Chumbani, nafanya mazoezi. Sikiliza."

Gboyega akapuliza tarumbeta karibu na simu. Morounkeji, aliyekuwa Abeokuta akimuuguza mama yake, akasikia sauti tamu inayozunguka na kurudi.

"Hebu piga kofi moja."

"Kofi la nini, Keji?"

"We piga tu."

Akapiga. Kofi likarudi kutoka ukutani.

Chumba kile Keji alikitengeneza kwa mikono yake. Alitundika nguo zake za harusi, zile nzito za kufumwa, zikaning'inia kwa mikunjo kuta zote, na kwenye kona akasimamisha magodoro makuukuu. Ukipiga kofi mle, lilikufa palepale. Gboyega alikuwa akijiandaa kwa majaribio ya kujiunga na bendi kubwa ya Ibadan, na chumba kisicho na mwangwi hakimfichi mpigaji makosa yake.

"Nani kashusha nguo zangu?"

Simu ikakatwa.

Kesho yake alifika Ibadan bila taarifa. Mlango ukafunguliwa na Titilola, mwimbaji, shoga yake aliyevaa naye sare siku ya harusi. Safari hii alikuwa amevaa shati la Gboyega.

"Karibu, shoga. Mi naimba humu siku hizi. Yale matambara yako yalikuwa yananiua sauti."

"Yako wapi?"

"Moja umelikanyaga."

Keji akatazama chini. Nguo ya harusi yake ilikuwa imetandikwa mlangoni, watu wafutie miguu.

Gboyega akatokea na tarumbeta mkononi, wala hakuona haya.

"Tangu zitoke, napiga kama malaika. Ulinifungia kaburini, Keji. Kazi yako kunionyesha makosa tu. Mwenzio ananisifu."

Keji alijua la kumwambia, kwamba ule mwangwi ulikuwa ukimdanganya. Akalimeza kwa makusudi. Akaziokota nguo zake moja moja, akazikung'uta, akafunga furushi na kuondoka.

Majaribio yalifanyika uwanjani, pasipo na ukuta hata mmoja. Tarumbeta ikatoka nyembamba, noti zikateleza kama bamia. Kiongozi wa bendi akamkatiza katikati ya wimbo.

"Bwana mdogo, nani alikudanganya kwamba unajua kupiga?"

Watu wakaangua kicheko. Titilola ndiye aliyeanza.

Jioni ujumbe ukaingia Abeokuta: "Keji, nisamehe. Titi kaondoka na yule kiongozi wa bendi. Rudi na nguo zako mke wangu, unifundishe tena kujisikiliza."

Keji akausoma mara mbili, akajibu:

"Siku ile nilijua utaaibika, nikanyamaza ili uaibike. Msamaha uombe humo humo chumbani. Ukuta utakujibu, si ndio uliokuwa ukikusifu?"

Akazima simu. Mama yake alikuwa akitetemeka kwa baridi ya homa, naye akatoa nguo moja nzito kwenye furushi akamfunika.