Jina la Kuwashia Chombo

Jua lilikuwa linazama Recheli alipoingia steshenari ya Valentino, njia ya Kitete, bila hata kupiga hodi.

"Zima printa."

"Karibu, mwandishi!" Valentino akacheka.

Kitabu cha kwanza cha Recheli kilikuwa kinachapwa humo: hadithi ya mwaka 2190, chombo cha anga kisichotumia mafuta bali roho. Nahodha akiita jina la roho mara tatu, chombo kinawaka. Kwa upumbavu wake, Recheli akatafuta jina lenye uzito, akachukua la bibi yake, Ngollo. Si hili analoitwa na majirani. Ni lile la siri alilopewa alipoingia Uswezi, chama cha siri cha wanaoita mizimu, ambalo hutajwa na Waswezi wenzake tu, tena ngoma ikilia. Mimi silitaji hapa, sina wazimu.

Tangu Valentino aanze kuisoma sura hiyo mtandaoni kila jioni ili kutangaza kitabu, bibi huinuka kitandani, huitika "abee", hutembea mpaka nyayo zichubuke. Jana walimkuta njia ya Urambo, hajitambui.

"Nimekusihi mara nne ulifute! Bibi yangu anakufa, Valentino!"

"Dada, hii ni sayansi. Si umeitunga mwenyewe?"

Akashika nakala, akalisoma lile jina kwa dhihaka. Mara moja. Mara mbili.

"Nyamaza, mshenzi wewe!"

Mara tatu.

Printa ikazimika... Ikaja harufu ya udongo uliolowa, na mvua haijanyesha tangu Mei. Nje, hatua. Za peku. Taratibu...

Bibi Ngollo akasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi," Recheli alinong'ona.

Bibi akampita. Alikuwa anamtazama Valentino.

"Mnaniita kama mbuzi. Nimechoka. Lete lako."

Valentino akafumbua mdomo. Jina lake likamtoka lenyewe.

Bibi alirudi nyumbani kwa miguu yake, akalala fofofo. Lakini kwenye nakala zote mia mbili jina lilikuwa limebadilika.

Valentino.

Sasa nakala zimeuzwa, na kila msomaji anapofika hapo, jamaa huinuka, huitika "naam", hushika njia ya Urambo. Mkewe, Julieth, alikuja kwa Recheli akapiga magoti, analia: nakala zikusanywe, zichomwe moto.

Recheli alimsikiliza mpaka mwisho, hasira bado haijamwisha. Julieth alipoondoka, Recheli alichukua simu, akampigia mchapaji mwingine, akaagiza nakala elfu moja.