Nyuzi Zilizolala Zimekazwa

Kinyozi alifunga saluni mapema siku hiyo, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, akapitia kwa mjane wa rafiki yake kuchukua gitaa. Ni hilo tu lililompeleka. Hakwenda kutafuta maneno, wala hakwenda kutafuta mkosi. Lakini mkosi nao, jamani, hausubiri kutafutwa.

Zamani, kabla kitambi hakijaota, alikuwa anapiga gitaa la rithim kwenye bendi ya mtaani, na watu walimwita Vidole. Marehemu rafiki yake yeye alikuwa anapiga solo, basi jina likamganda hivyohivyo: Solo. Vidole akaoa, watoto wakaja, gitaa likauzwa, mikono ikahamia kwenye mashine ya kunyolea na wembe. Miaka ikapita bila kuaga.

Halafu Solo akafa. Makaburini wazee wa bendi wakaja na gitaa la kuazima, wakataka rafiki yao asindikizwe na ule wimbo waliokuwa wakifungia dansi. Gitaa akapewa Vidole. Akalishika, akapanga mkono wa kushoto, akapiga... na wimbo ukamfia mkononi mbele ya jeneza. Vidole vilikuwa vigumu kama vya kuazima navyo. Mpiga dramu wa zamani, mzee asiye na breki mdomoni, akasema watu wakasikia:

"Huyu si Vidole tena. Huyu ni Vidonge."

Watu walicheka. Msibani! Kinyozi alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku ile akawa na haja moja tu duniani: aupige ule wimbo mzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mara moja tu, bila kukwama. Basi.

Ndiyo maana jioni ile alikuwa mlangoni kwa mjane. Hata hakumaliza kupiga hodi. Mlango ulifunguka, na gitaa la Solo lilikuwa limeshaegemezwa ukutani hapo karibu, tayari kuondoka.

"Karibu, shemeji," mjane alinong'ona.

"Pole, shemeji. Sauti imekwenda wapi?"

Mjane aligusa koo, akatikisa kichwa. Kinyozi akajua ni kilio. Mtu akilia siku nyingi sauti hukauka. Akaliinua gitaa. Nyuzi zote sita zilikuwa zimelegea, zinaning'inia ovyo. Kutoka kwenye tundu lake ilimpiga harufu ya ajabu. Haikuwa ya mbao wala ya vumbi. Ilikuwa harufu ya pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Ukimaliza kupiga, zilegeze," mjane akanong'ona. "Zote. Usilale zikiwa zimekazwa."

"Najua, shemeji. Shingo ya gitaa isije ikapinda."

Wapigaji wa zamani wote walifundishana hivyo, na Solo alikuwa mtu wa kutunza vitu vyake kupita kiasi. Mjane alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akafunga na mlango, na kinyozi akiwa bado kibarazani akasikia komeo la juu... komeo la chini... halafu meza ikiburutwa kuzuia mlango.

Majonzi hayo, akajisemea. Kila mtu na yake.

Sasa ndiyo mateso yakaanza. Kila jioni kinyozi alikaa sebuleni na gitaa juu ya kitambi, na kila jioni gitaa lilimdhalilisha. Akikaza uzi wa kwanza, wa tatu umeshalegea. Akiukaza wa tatu, wa pili unapiga kelele zake. Mpaka nyuzi zikubaliane, mgongo unauma na hamu imekwisha. Na akibonyeza, hazitoi sauti safi, zinavuma tu kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Ncha za vidole zilivimba, na kesho yake saluni akishika spiriti ya kumpaka mteja, alikuwa anaruka yeye badala ya mteja.

"Baba," mkewe aliuliza kutoka jikoni, "huyo paka bado hajafa tu?"

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti alijaliwa. Akiwaita watoto wake darasani, na wa shule ya jirani wanapanga mstari. Alikuwa anaimba akipika, akifua, akimsuta mumewe. Kusema kweli sauti hiyo ndiyo iliyomnasa kinyozi enzi za dansi, maana alikuwa anaisikia kutoka katikati ya ukumbi, juu ya spika.

"Cheka tu, mama," kinyozi alijibu, jasho likimtoka. "Utakuja kuniomba niurudie."

"Nitakuomba uache!"

Alitaka kulipiga gitaa lile ukutani. Haki ya Mungu, mara mbili alilinyanyua kabisa. Mtu mzima, ana wajukuu, anataka kulia kwa sababu ya kidole kidogo kisichofika kinapotakiwa! Lakini alikumbuka kicheko cha makaburini, akakaa tena. Na kila akimaliza, japo kwa hasira, alizilegeza nyuzi zote kama alivyoagizwa. Kesho yake anaanza moja.

Mpaka jioni moja nyuzi zikakubali. Zote sita, zikasikilizana, hata ule wa tatu, mkorofi. Kinyozi akapiga mwanzo wa wimbo, ukatoka. Akapiga ubeti, ukatoka nusu. Jikoni mwiko ukatulia. Mkewe akaja mlangoni na hakusema neno lolote la paka. Ubeti wa pili ukamshinda, vidole vikachoka, lakini moyo wake ulikuwa unaruka.

Akashika kifunguo cha uzi wa kwanza ili aulegeze. Mkono ukasita.

Azilegeze hizi? Leo hii? Kesho aanze tena kupigana na uzi wa tatu mpaka kiuno kife? Aa, hapana. Siku moja haipindishi shingo ya gitaa.

Akalitundika ukutani hivyohivyo, limekazwa, akaenda kulala.

Usiku ule hakuna kilichotokea. Hata uzi mmoja haukulia.

Asubuhi mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu wa jirani, aliyekuja kunyolewa ndevu. Akakaa kwenye kiti, akafungwa shuka, akafumba macho. Kinyozi alishika wembe kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauweka chini ya kidevu kuinua shingo, kama alivyofanya miaka yote. Akaanza kunyoa.

Mkono wa kushoto ukasogea.

Wenyewe.

Kidole cha kwanza kikatulia pembeni ya koo. Cha pili kikashuka kidogo. Cha tatu kikakaa mahali pake. Vikabonyeza... na fundi viatu, macho yamefumbwa, mdomo umefumbwa, akatoa sauti.

Mmmmm.

Kinyozi aliganda. Kwenye kioo aliona vidole vyake vikihama, vyepesi, vikipanga mshiko mwingine. Sauti ikahama navyo. Vikahama tena. Ulikuwa mwanzo wa wimbo wao wa kufungia dansi.

Akachomoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto.

"Mbona umesimama?" fundi viatu akafumbua macho.

"Umeimba."

"Nani? Mimi?" Fundi akacheka. "Ndugu yangu, nimesinzia tu. Malizia, nina viatu vya watu."

Kinyozi alimalizia kwa kumwinua kidevu kwa kiwiko. Lakini huwezi kunyoa kutwa nzima kwa kiwiko. Akaja muuza nyama mwenye shingo nene, akatoa sauti nzito ya uzi wa juu. Akaja kondakta mwembamba, akalia kama uzi wa chini kabisa. Wote wanasinzia, wote wanaamka hawajui kitu. Na jambo lililomuuma kinyozi katikati ya hofu yake, ni hili: hakuna aliyetoa sauti chafu. Wiki na wiki anahangaika na gitaa lile halafu leo, kwenye makoo ya watu, kila mshiko unatoka safi!

Alasiri ileile fundi viatu alipita mbele ya saluni akiwa ameshika koo.

"Kinyozi," alisema, na sauti ilitoka imechanika, "hiyo spiriti yako imeniingia kooni, nini?"

Kinyozi hakusubiri mteja mwingine. Alifunga, akaenda nyumbani, akazilegeza nyuzi zote mpaka zikaning'inia. Akauangalia mkono wake. Vidole vilikuwa vinacheza juu ya paja, taratibu, vinapanga mishiko.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwa mjane na gitaa begani. Komeo halikufunguliwa. Sauti ilikuja kupitia upenyo wa mlango, karibu kabisa, kana kwamba mjane alikuwa amekaa nyuma ya mlango akimngoja.

"Ulilala zikiwa zimekazwa."

"Siku moja tu, shemeji!"

"Na marehemu naye ilikuwa siku moja tu."

Kinyozi akasogea mlangoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia uzilegeze. Ningekuambia yote ungelichukua? Na mimi nilitaka litoke humu ndani, shemeji. Nisamehe."

"Kuna nini ndani yake?"

"Sijui. Naye hakujua. Alipewa na mama mmoja ambaye... naye alikuwa ananong'ona."

Meza ikaburutwa, makomeo yakavutwa, mlango ukafunguka kidogo, kiasi cha uso. Mjane akashusha upande wa khanga. Shingoni, kushoto na kulia, ngozi ilikuwa na sugu ndogo ngumu, zimejipanga mistari kwa mistari, kama zile za ncha za vidole vya mpiga gitaa.

"Alikuwa ananipiga nikisinzia," alinong'ona. "Wimbo mmoja, uleule. Anafika pale mwisho, mimi naanza kukwaruza, anaacha. Analia, ananiomba msamaha. Kesho anaanza tena. Alisema akiumaliza utamwacha."

"Aliumaliza?"

"Hapana. Sauti yangu iliisha kabla."

"Nifanye nini, shemeji? Niambie, nifanye nini!"

Mjane alimwangalia kwa huruma ya kweli kabisa, kisha akafunga. Komeo la juu. La chini. Meza.

Kinyozi aliliacha gitaa kibarazani, akaondoka bila kugeuka.

Alifunga saluni. Alimwambia mkewe ameteguka kifundo cha mkono, akauzungushia bandeji vidole vyote mpaka mkono ukawa bonge. Siku zikapita. Vidole vilicheza ndani ya bandeji, kisha vikapunguza, kisha vikatulia. Kinyozi alishukuru. Lakini mtu ana siri zake, na siri yake ilikuwa kwamba alikuwa na hasira. Kazi hana, gitaa hana, wimbo haukupigwa. Mpiga dramu alipita kumjulia hali, akaiona bandeji, akatabasamu upande mmoja: "Vidonge, pole. Hata hivyo ulishajaribu." Kinyozi alisaga meno mpaka mzee yule alipotokomea.

Jioni moja mkewe alirudi kutoka shule amechoka hoi. Watoto walikuwa wamemwimbisha kutwa. Akajitupa kwenye kochi, kichwa kikalala nyuma juu ya mto, shingo wazi.

"Baba, nisinzie kidogo, kisha nitainjika chakula. Usiniache nikalala mpaka giza."

"Lala tu, mama. Nitakuamsha."

Kinyozi alikuwa ametoka kuosha mkono. Bandeji ilikuwa bado imo ndani ya beseni. Akakaa kando ya mkewe, akaunyoosha mkono aangalie kama umepona. Ulikuwa umetulia, mweupe kidogo kwa kukosa jua. Nje taa za mtaa zilikuwa hazijawaka, na sebule ilianza kuwa nyeusi kwenye pembe.

Ile harufu ikaja. Pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Akasema moyoni, nitamgusa tu bega, nimwamshe.

Haikuwa bega.

Sauti iliyotoka kwa mkewe, yallah, ilikuwa sauti ile ya katikati ya ukumbi, ya miaka ile. Mshiko wa kwanza ukatoka safi. Wa pili. Ubeti mzima ukapita bila kukwama, ule wa pili uliomshinda ukapita kama maji, na kinyozi akajikuta machozi yanamtiririka kwa sababu hakuwahi, hata ujanani, kuupiga hivi. Laiti wangekuwapo wale waliocheka!

Ubeti wa mwisho ukaisha. Sauti ya mkewe ikaanza kukwaruza. Mwanzo kidogo, kisha zaidi, ikawa inatoka mbali. Usingizini alikunja uso.

Acha, kinyozi alijiambia. Acha sasa hivi.

Na hapo ndipo alipogundua jambo lililomtisha kuliko yote. Hakuna kilichokuwa kinaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi. Ulikuwa mtiifu. Angetaka kuutoa, ungetoka tu, kama anavyoutoa kwenye shingo ya mteja akishamaliza. Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Mkewe akavuta pumzi, ikapita kooni kwa shida.

Kilichobaki kilikuwa kibwagizo tu.

Kinyozi alimtazama usoni, mwanamke aliyempenda kuliko kitu chochote duniani.

"Nisamehe, mama," akanong'ona.

Akasogeza kidole cha kati, akabonyeza.