Niliomba kwa Sauti Kubwa Huku Nikificha Sumu

Nina miaka hamsini na saba, mkulima wa mihogo hapa Murangi. Zamani nilikuwa mvuvi, tena mzee wa kanisa. Ndugu wasomaji, haya nimeshayasema mbele ya hakimu na mbele ya usharika; sasa nawaambia ninyi.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Sisi tuliozoea foleni za sabuni, ghafla tukaona viwanda vya minofu vinafunguliwa Musoma, na magari ya barafu yanawafuata samaki mpaka ufukweni. Mimi nilikuwa na nyavu chakavu na tamaa mpya.

Shemeji yangu Magesa, kaka wa mke wangu, alikuwa na dawa ya kunyunyizia pamba iliyobaki shambani kwake Bunda. Tukaimwaga ziwani... Samaki wakaelea wenyewe. Tukajaza mtumbwi mara nyingi, na kila Jumapili nilisimama kanisani kusoma Zaburi. Kweli ulimi hauna mfupa.

Nyumbani nilipiga marufuku samaki wangu. Nilimwambia mke wangu, Nyamisi, kwamba wale ni wa biashara, sisi tule dagaa. Alinitania: "Mvuvi gani wewe? Kwako sato anapitaga tu kama mgeni wa serikali."

Siku ya mkasa, akina mama wa kanisa walikuwa kwenye mfungo. Nyamisi alimwonea huruma binti yetu Nyangeta, wa miaka sita, kwa kula dagaa kila siku. Akaenda kwa jirani, akabadilisha bakuli la dagaa kwa sato mmoja. Jirani alikuwa amemnunua pamoja na wengine asubuhi ileile... kwenye mtumbwi wangu. Mtoto alikula peke yake, maana mama yake alikuwa amefunga.

Nilimkuta zahanati, anatokwa na mate, mwili mzima unatetemeka. Muuguzi aliuliza amekula nini. Mke wangu akajibu, "Sato tu, wa jirani." Nikakumbuka jirani alivyonunua kwangu asubuhi.

Magesa, aliyekuwa amenifuata, alinivuta nje ya mlango. "Shemeji, ukisema tunafungwa wote. Wewe si unaombaga? Basi omba."

Nikaomba! Nilipiga magoti sakafuni nikapaza sauti hadi wagonjwa wakaitikia amina. Muuguzi, akidhani ni malaria, akaendelea kumtibu hiyo. Je, nilikuwa namwomba Mungu amponye mwanangu, au anisaidie kuficha?

Ndipo mke wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, akaweka mkono juu ya kifua cha mtoto, akasema polepole: "Bwana, kama ni dhambi yangu, nionyeshe nitubu. Usimchukue huyu."

Dhambi yake! Sikuweza tena. Nikamwambia muuguzi, "Ni sumu. Dawa ya pamba. Niliitia mimi ziwani." Alinitazama mara moja tu, akakimbilia kabati la dawa. Nikamtuma mtu mbio kwa jirani, akamwage chungu kabla hakijapakuliwa.

Nyangeta alipona. Magesa alikimbilia kisiwani Rukuba, wala hatujazungumza tena. Mimi nilifungwa, na kanisa likanitenga na Meza ya Bwana. Ndugu walimshauri Nyamisi arudi kwao.

Jumapili ya tatu alikuja gerezani na michembe, vile viazi vikavu, kwenye kitambaa. Alikifungua, akanisogezea. Kisha akasema, "Sijakusamehe bado. Ila kila siku naombaga nipewe moyo huo. Na wewe omba."

Nililia kama mtoto. Maneno hayo ndiyo yaliyonivusha kifungo. Nilianza kuomba upya, safari hii kwa kunong'ona, bila kumficha Mungu kitu. Nilipotoka, alikuwa bado ananingoja.

Ewe unayesoma haya, kama kuna jambo umelificha, usilifunike kwa maombi. Mungu anasikia, lakini muuguzi alihitaji kuambiwa, nami ndiye niliyekuwa na jibu. Sema mapema, ungali na mtu wa kuokoa.

Nyangeta sasa ameolewa Bunda. Nikimtembelea hupika samaki, akaninawisha mikono, akaniambia, "Baba, tuombee chakula." Naomba kwa sauti ndogo. Kisha, kabla wajukuu hawajagusa sahani, namega tonge langu na kuonja wa kwanza.