Mama Alijibu kwa Dole

Jirani yangu, fundi cherehani mstaafu, alikuwa na jioni tulivu: kiti dirishani, redio chinichini, simu mapajani. Simu hiyo aliletewa na wanawe wawili wanaoishi mbali, wakamwingiza kwenye kundi la familia. Tukasema, huyu kweli kazaa.

Kumbe kuandika kulimshinda. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za mchanga, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimefanya sugu kwa miaka mingi ya sindano, kioo cha simu hakizihisi. Akimaliza sentensi moja, wenzake wameshahamia mazungumzo mengine.

"Mama, unajibu habari za juzi!" aliandika mwanawe wa kwanza, akafuatisha vicheko.

Tangu hapo akashika njia rahisi, ile alama ya dole gumba. Umeamkaje? Dole. Umekula? Dole. Hata mimi, aliponionyesha, nilicheka, sijitoi.

Mama huyu ana presha ya macho, na asipotia matone kila siku atapofuka. Asubuhi moja, chupa ikiwa tupu, binti yake, yule wa pili, aliandika bila kujua: "Mama, dawa nitakuletea mwisho wa mwezi. Sawa?"

Mtauliza, jamani, kwa nini hakupiga simu kusema dawa imeisha? Alipiga.

"Mama, niko kazini. Niandikie tu," binti alimkatiza.

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena, mpaka adhuhuri. Mwishowe akatuma dole.

Mwisho wa mwezi binti alimkuta anamimina chai nje ya kikombe. Hospitalini, nilikowasindikiza, waliambiwa jicho la kushoto limekwenda, la kulia litaokolewa.

"Mama, si ulisema sawa?" binti alilia.

"Nilichoka, mwanangu."

Muuguzi aliichukua simu. Akakuza herufi, akamwonyesha alama ya kipaza sauti: unaongea, yenyewe inaandika. Hata dakika tano hazikuisha. Dakika tano, ndugu zangu! Nikasikia uchungu na aibu.

Mama akaisogeza simu mdomoni. Maneno yakajipanga kwenye kundi la familia: "Wanangu, nina mengi ya kuwaambia. Msiondoke kwanza."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Funzo

Kumnunulia mzazi simu ni nusu ya kazi. Keti naye, kuza herufi, mfundishe kuandika kwa kuongea, tena umrudie, maana mara moja haitoshi. Akichelewa kujibu, msubiri. Na akikupigia, acha unachofanya umsikilize.