Mgongo wa Mzee Anyosisye

Siku ya Jumapili, watu wa Ipinda, wilayani Kyela, wakitoka kanisani huenda nyumbani kupika. Prisca alianza na kakao. Alikuwa ameianika uani, na kakao haijui Jumapili. Usipoigeuza, inaota ukungu. Aliigeuza kwa mikono, akanawa, akakaa barazani na simu yake mapajani.

Kila Jumapili wifi yake alimpigia kutoka Dar es Salaam. Wifi huyo aliitwa Kisa. Alikuwa mke wa Lugano, kaka yake Prisca.

Simu iliita.

"Ugonile, wifi," alisema Kisa.

"Ugonile. Umefika kwa baba?"

"Nimefika. Nimempelekea wali na samaki."

"Anaendeleaje?"

"Anasema hajambo. Anasema tusiwe na wasiwasi. Ila sauti yake leo ilikuwa ndogo."

"Ndogo vipi?"

"Ndogo tu, wifi. Labda alikuwa na usingizi."

Prisca alishukuru, akakata simu. Jioni ile akafunga kikapu chake cha safari.

Baba yao ni Mzee Anyosisye, mkulima wa mpunga, aliyefiwa na mkewe. Mwaka uliopita alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi. Lugano alimpeleka Dar es Salaam kutibiwa. Alipotoka hospitali, daktari alisema asirudi kijijini kwanza. Alihitaji mazoezi ya viungo kwa miezi mingi, na wataalamu wa mazoezi walikuwa huko huko mjini.

Basi akae wapi? Lugano alipanga vyumba viwili tu. Yeye ni dereva wa lori. Leo yuko Tunduma, kesho yuko Lubumbashi. Nyumbani hubaki Kisa na watoto. Na Kisa ni mkamwana.

Hapo ndipo penye shughuli. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hapiti mbele yake. Hakai naye chumba kimoja. Siku hizi wengi wamelegeza, na wapo wanaosalimiana na wakwe zao kanisani bila shida. Ukoo wa Mzee Anyosisye haukulegeza hata kidogo. Kisa aliolewa miaka kumi na mitano iliyopita, na hakuwahi kuuona uso wa mkwe wake vizuri. Usicheke, msomaji. Kila nyumba ina heshima zake, na kwako zipo.

Basi Lugano alitafuta nyumba ya kutunzia wazee. Aliitafuta kwenye simu, akiwa safarini. Aliona picha za vitanda vyenye shuka nyeupe na bustani ya maua. Mwenye nyumba aliongea kwa sauti tamu. Alisema ukilipa nusu mwaka kwa mkupuo unapunguziwa. Lugano akalipa kwa simu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lugano aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Haikumsaidia kitu.

Jumatatu alfajiri Prisca alimwachia jirani kakao yake, akapanda basi. Alifika Dar es Salaam usiku, akalala kwa Kisa. Asubuhi alijifunga kitenge.

"Twende kwa baba," alisema.

"Leo Jumanne, wifi. Siku ya kutembelea wagonjwa ni Jumapili."

"Nimetoka Ipinda. Siwezi kusubiri Jumapili."

Getini mlinzi aliwaambia jambo hilo hilo. Prisca hakugombana naye. Aliweka kikapu chake chini, akakaa juu ya jiwe mbele ya geti.

"Nitakaa hapa mpaka nimwone baba yangu," alisema. "Hata ikifika Jumapili."

Mlinzi alimtazama, akaona hatanii. Akafungua.

Bustani ilikuwepo kweli. Nyuma ya bustani kulikuwa na chumba kirefu chenye vitanda vingi. Harufu ya mkojo iliwapokea mlangoni. Msichana mmoja alikuwa anafua, huku chungu cha uji kikichemka jikoni. Ndiye aliyepika, ndiye aliyefua, ndiye aliyewalisha wazee wote.

Kisa alisimama nje ya mlango. Aligeuza mgongo na kufunika uso kwa khanga, kama alivyofanya kila Jumapili.

Prisca aliingia. Baba yake alikuwa amelala chali, macho darini. Shuka lilikuwa limelowa.

"Tata," alimwita.

Mzee aligeuza macho. "Prisca? Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Ngoja nikubadilishie shuka."

"Acha, mwanangu. Acha tu."

Prisca hakuacha. Alimshika bega na kiuno, akamgeuza ubavu. Shati lilikuwa limeng'ang'ania mgongoni. Alilivuta polepole.

Chini kidogo ya kiuno palikuwa na shimo. Si mchubuko. Shimo, jeusi pembeni, lenye usaha katikati. Ngumi ya mtoto ingeingia. Prisca aliona kitu cheupe ndani, akaelewa kwamba ni mfupa wa baba yake.

Alimshikilia hivyo hivyo ubavu, asirudi kulalia shimo lile. Kisha alimwita wifi yake.

"Kisa. Kila Jumapili ulikuwa unaona nini?"

"Sikuwa naona, wifi," Kisa alijibu kutoka nje, mgongo umegeuka. "Nasimama hapa. Nasalimia. Baba anasema hajambo. Namwachia msichana chakula, naondoka."

"Hujawahi kuingia?"

"Ningeingiaje, wifi? Ni baba mkwe."

Prisca alimgeukia baba yake. "Na wewe, tata, kwa nini hukusema?"

Mzee alifumba macho. "Nimwambie mkamwana habari za makalio yangu?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja aliona haya kutazama, mwingine aliona haya kusema. Lugano njiani na Prisca kule Ipinda walilala usingizi mzuri, kwa sababu baba anaangaliwa kila wiki.

Walimkimbiza hospitali. Alikuwa na homa kali. Daktari alisema sumu ya kidonda imeanza kuingia kwenye damu. Alisema angecheleweshwa kidogo tu, wangekuja kuchukua maiti.

Kidonda kile kilisafishwa kila siku na muuguzi aliyeitwa Neema. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa mikono, asiyepaka maneno sukari.

"Hiki ni kidonda cha kulalia," alimwambia Prisca. "Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, uzito wake mwenyewe unabana nyama. Damu haipiti. Nyama inakufa. Huyu alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Na akikojoa abadilishwe mara moja."

"Kulikuwa na msichana mmoja tu, nesi."

"Basi hakugeuzwa. Na usimlaumu binti yule. Wazee wote wale, atamgeuza nani amwache nani?"

"Kinaanzaje?"

"Kinaanza kidogo sana. Watu weupe huona wekundu. Ngozi yetu haionyeshi wekundu. Tazama palipozidi weusi. Paguse. Pakiwa na joto, au pagumu, au panauma, ndio mwanzo. Hapo ukimwondolea uzito, panapona pasipo dawa. Lakini lazima uone na uguse. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Kisa alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, karibu na mlango. Alisikia kila neno.

Lugano alifika siku ya pili, macho mekundu, vumbi la safari bado nguoni. Alipoona kidonda alitoka nje. Halafu akampigia mwenye nyumba ile, kudai fedha ya miezi iliyobaki.

"Iliyolipwa imelipwa," alijibiwa. Ile sauti tamu haikuwepo tena.

"Mlikuwa na mkataba?" Neema alimuuliza.

"Hapana, dada. Tuliongea tu."

"Stakabadhi?"

"Hapana."

"Nyumba ina kibali?"

Lugano hakujua kwamba kibali kinahitajika.

"Kwanza nenda kwa afisa ustawi wa jamii," alisema Neema. "Si kwa ajili ya baba yako peke yake. Wale wengine bado wako kule, na nao wana migongo."

Walikwenda siku ile ile. Afisa alitafuta, akasema nyumba hiyo haitambuliki. Alifuatana nao mpaka pale na muuguzi mwingine. Waliwageuza wazee mmoja mmoja. Waliopatikana na vidonda walipelekwa hospitali, na geti lile likafungwa. Fedha ya Lugano haikurudi, ikabaki kesi.

Mzee Anyosisye alikaa hospitali muda mrefu. Siku ya kutoka ilipokaribia, swali lile lile likarudi. Akae wapi?

"Narudi naye Ipinda," alisema Prisca.

"Nani atamfanyisha mazoezi huko?" aliuliza Neema. "Nyumba ya wazee si dhambi, mama. Ziko nzuri. Ninyi mlinunua picha. Safari hii nendeni kwa miguu yenu."

"Tukifika tuangalie nini?" aliuliza Lugano.

"Muombeni afisa awaambie zenye kibali. Halafu msiwape taarifa kwamba mnakuja. Nendeni saa ya chakula, muone wazee wanakula nini na nani anawalisha. Vuteni pumzi, pua haidanganywi. Ulizeni usiku wanabaki walezi wangapi, na kama kuna muuguzi. Wakiwaambia kuna siku moja tu ya kutembelea, geukeni mwondoke."

"Na malipo?"

"Yaandikwe. Ada inalipia nini? Chakula, mazoezi, pampasi, dawa? Nyumba nyingine inakutajia ada ndogo, kisha kila pampasi unalipa pembeni. Lipeni mwezi kwa mwezi, mpewe stakabadhi. Mkitaka kumhamisha, mnarudishiwa nini? Hilo nalo liandikwe. Na kabla ya yote, hesabuni kama mnaweza kulipa mwaka mzima, msije mkamtoa katikati."

Nyumba ya kwanza waliyotembelea ilinuka. Ya pili ilikuwa nzuri kama hoteli, na bei yake ilikuwa ya hoteli. Ya tatu ilikuwa ya kawaida, kuta zimepauka. Lakini walikuta mlezi amekaa kitandani anamlisha bibi mmoja taratibu, huku wanabishana kuhusu chumvi. Ukutani kulikuwa na saa, na walezi waliwageuza wazee kwa kuifuata. Lugano alisoma mkataba mara mbili, akarudi hospitali kwa baba yake.

"Tata, utapenda kukaa pale?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Mzee alifikiri. "Wanapika ndizi?"

"Wanapika."

"Basi nitajaribu."

Lugano angelipa kila mwezi. Prisca angeongezea msimu wa kakao. Gwamaka, mdogo wake Mzee, aliyeishi Njisi huko huko Kyela, angeuza mpunga. Likabaki sharti moja. Nyumba ile ilitaka ndugu mmoja aliye mjini, aje siku yoyote, amkague mzee mwili mzima pamoja na mlezi. Lugano ni mtu wa barabarani. Prisca anarudi kwenye kakao yake. Mjini yupo Kisa tu.

Walimpigia Gwamaka wakiwa kando ya kitanda cha Mzee, wakaweka simu kwenye spika. Alipoelewa wanachosema, sauti yake ilipanda.

"Mkamwana amwone mkwe mgongo?" alisema. "Mmerukwa na akili huko? Heri kaka yangu afe na heshima yake."

Lugano aliinamisha kichwa. Mzee Anyosisye akanyoosha mkono wake mzima, akaomba simu.

"Gwamaka," alisema polepole, maana ulimi wake bado ulikuwa mzito. "Heshima hiyo ilikuwa inaniozea mgongoni. Niliinusa kila siku. Wewe hukuinusa. Mimi ndiye mkwe. Mimi ndiye ninayemfungulia mwiko huu."

Gwamaka alikata simu. Baadaye alituma mchango wake wa mpunga, na hilo likawa jibu.

Mzee alihamia nyumba ile, na miezi ikapita. Mzee alianza kukaa bila kushikwa, kisha kusimama kwa fimbo. Kidonda kilijaa nyama taratibu. Kisa alikuja kila wiki, lakini aliishia mlangoni. Alimwachia mlezi kazi ya kukagua, yeye akasikiliza majibu. Miaka kumi na mitano haifutwi kwa neno moja kwenye simu.

Siku moja, siku ya kazi, alikuja bila kutoa taarifa. Mlezi alikuwa na mgonjwa mwingine. Mzee alikuwa amekaa kitandani, miguu imenyooka. Alisikia hatua zikisimama mlangoni.

"Kisa," aliita. "Ingia. Hapo ulipo huoni kitu."

Ilimchukua muda. Kisha Kisa aliteremsha khanga usoni, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Tazama mgongo."

Aliinua shati kwa vidole viwili. Aliona kovu pana, limefunga, kavu.

"Kimepona, baba."

"Umemaliza?"

Kisa alikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini macho yalikwishafunguka, na yalishuka mpaka miguuni. Kwenye kisigino cha mguu uliokufa ganzi palikuwa na doa. Lilizidi weusi kuliko ngozi ya pembeni. Alilitazama. Akakumbuka kwamba kutazama hakutoshi.

Akanyoosha mkono, akamshika mkwe wake mguu.

"Pana joto, baba," alisema. "Panaanza."

Alimwita mlezi. Walimwekea Mzee mto chini ya shavu la mguu, kisigino kikaning'inia bila kugusa kitanda. Wiki iliyofuata doa lilikuwa limetoweka, bila dawa na bila hospitali. Mguu ule ndio Mzee Anyosisye aliokanyagia siku aliyoshuka basi Kyela, akirudi nyumbani.